Usafi wa Dizeli Uko kwenye Bomba la Moshi

Ndugu mwenyekiti, walimu wa ufundi, mafundi wenzangu, madereva na ninyi nyote mliofika, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie injini za kisasa za dizeli kwenye magari madogo na athari zake kwa mazingira. Mada hii ina mashabiki pande mbili, na pande zote mbili zina makelele. Wapo wanaosema dizeli ni sumu tupu, ipigwe marufuku kesho asubuhi. Wapo wanaoapa kwamba dizeli ya siku hizi inatoa hewa safi kuliko ile iliyoivuta. Nadhani leo nitawaudhi wote. Msimamo wangu ni huu: moto wenyewe wa dizeli, pale ndani ya silinda, haujawa safi mpaka leo. Kilichobadilika ni msururu wa vifaa vilivyofungwa nyuma ya injini. Vikifanya kazi, gari ni safi kwelikweli. Vikizimwa, vikiziba au vikikatwa, unabaki na moshi wa zamani ndani ya bodi mpya.

Tuingie ndani ya silinda kwanza, maana ugomvi wote unaanzia humo.

Rudolf Diesel aliomba hataza ya injini yake mwaka 1892, na mwaka 1897 huko Augsburg, Ujerumani, injini yake ilipimwa ikaonekana inageuza asilimia 26 hivi ya nishati ya mafuta kuwa kazi. Injini nyingi za mvuke za wakati ule hazikufika hata nusu ya hapo. Siri yake ilikuwa kubana hewa. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Inavuta hewa tupu, inaibana mpaka inabaki sehemu 1 ya 16 hivi ya ujazo wake, na hewa inapata moto kiasi kwamba mafuta yakirushwa ndani yanajiwasha yenyewe. Kwa sababu hiyo inabana zaidi, na kwa sababu haihitaji kukabwa koo kwenye njia ya hewa kama injini ya petroli, inakula mafuta kidogo kwa kazi ileile.

Magari madogo yalichelewa kufaidi. Mercedes-Benz 260 D ilitoka mwaka 1936, lakini kwa miongo mingi dizeli ilibaki injini ya teksi na ya mtu asiye na haraka. Mabadiliko makubwa yalikuja na mfumo wa reli moja ya mafuta, ambapo noseli zote, yaani vifaa vinavyorusha mafuta ndani ya silinda, zinalishwa kutoka bomba moja lenye shinikizo la kudumu, na kompyuta ndiyo inayoamua lini noseli ifunguke na kwa muda gani. Alfa Romeo 156 ya mwaka 1997 ndiyo iliyoutangulia kwenye gari dogo la kuuzwa, kwa shinikizo la bar 1,350. Leo mifumo inapita bar 2,000. Tairi lako lina bar 2 na kidogo. Mafuta yanayosukumwa kwa nguvu hiyo yanatoka kwenye matundu ya noseli kama ukungu, na kompyuta inaweza kuyarusha mara tano au zaidi katika mpigo mmoja wa pistoni. Ndiyo maana dizeli ya leo haigongi kama nyundo ikiwaka asubuhi.

Sasa sikilizeni, hapa pana utamu wa jambo lenyewe, au uchungu wake. Hata mafuta yakiwa ukungu, katikati ya ule mvuke kuna sehemu ambayo mafuta ni mengi na oksijeni haijafika. Hapo kaboni inakosa mwenzake, inabaki masizi. Pembeni ya mwali mambo ni kinyume: oksijeni imejaa, joto ni kali mno, na nitrojeni, ambayo kwa kawaida hupita kwenye injini bila kumgusa mtu, inalazimika kuungana na oksijeni. Zinazaliwa oksidi za nitrojeni. Kwa hiyo ndani ya mpigo mmoja, kwenye nafasi ndogo kabisa, injini inatengeneza uchafu wa aina mbili kwa sababu mbili zinazopingana. Ukipunguza joto, oksidi zinapungua na masizi yanaongezeka. Ukiongeza joto, masizi yanaungua na oksidi zinapanda. Wahandisi wa dizeli wamezeekea kwenye hesabu hiyo.

Injini ya petroli ina bahati. Hewa na mafuta yake huchanganywa kwa kipimo kinacholingana, kwa hiyo kichocheo kimoja kwenye bomba la moshi, yaani kifaa kinachogeuza gesi chafu kuwa zisizo na madhara, kinaweza kushughulikia gesi tatu chafu kwa pamoja. Kwenye dizeli hewa huwa nyingi kuliko mafuta, na moshi unatoka bado una oksijeni ya ziada. Kichocheo cha petroli hakiwezi kuing'oa oksijeni kutoka kwa nitrojeni wakati kuna oksijeni nyingine tele imezunguka. Ikabidi zitafutwe njia nyingine, zote za gharama.

Kabla ya kuzifikia njia hizo, niseme kwa nini magari haya yalipendwa na serikali zilezile ambazo leo zinayafungia barabara. Sababu ni kaboni dioksidi. Baada ya Mkataba wa Kyoto wa mwaka 1997, nchi za Ulaya zilihitaji kupunguza gesi zinazopasha dunia joto, na mwaka 1998 watengenezaji wa magari wa Ulaya waliahidi kushusha wastani wa magari mapya hadi gramu 140 za kaboni dioksidi kwa kilomita ifikapo 2008. Dizeli ilikuwa njia ya mkato. Kodi za magari na za mafuta katika nchi nyingi za huko ziliipendelea, na ilipofika 2011 zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Umoja wa Ulaya yalikuwa ya dizeli. Marekani na Japani hawakufuata mkumbo huo.

Faida ilikuwepo, sitaikana, ila ilitiwa chumvi. Lita moja ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli na ina kaboni nyingi zaidi: ikiungua inatoa kilo 2.64 hivi za kaboni dioksidi, wakati petroli inatoa kilo 2.31. Chukua gari la dizeli linalotumia lita 5 kwa kilomita 100, ni gramu 132 kwa kilomita. Ndugu yake wa petroli anayetumia lita 6.5 anatoa gramu 150. Kwa lita, tofauti ni ya asilimia 23. Kwa kaboni, ni 12. Mtu anayejivunia lita kwenye kituo cha mafuta anahesabu nusu tu ya habari. Halafu ukilinganisha na gari la petroli lenye mota ya umeme ya kusaidia, linalotumia lita 4.5, hilo linatoa gramu 104 na mjadala unaisha. Tena watu walipoona dizeli inakula kidogo, walinunua magari makubwa na mazito zaidi, sehemu ya faida ikaliwa na vyuma.

Upande wa afya, masizi ya dizeli ni madogo kiasi cha kupita pua na koo na kushuka mpaka kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Juni 2012, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo vimethibitika kumsababishia binadamu saratani. Niwe mkweli kwa wapenzi wa dizeli: ushahidi huo ulitoka zaidi kwa watu waliovuta moshi wa injini za zamani kwa miaka mingi, wakiwemo wachimbaji wa migodini. Haukupima gari lenye chujio jipya. Nayo naitrojeni dioksidi, mojawapo ya zile oksidi za nitrojeni, huwasha njia za hewa, huchochea pumu, na juani husaidia kutengeneza ozoni ya chini, ile inayokereketa kifua siku za joto.

Basi tushike vifaa kimoja kimoja, na nitakaa zaidi kwenye chujio la masizi kwa sababu ndicho kifaa kinachoteswa kuliko vyote.

Ukilikata chujio hilo katikati unaona kipande cha seramiki chenye maelfu ya vijitundu vyembamba vya mraba, vinavyokwenda sambamba kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila cha pili kimezibwa mbele, na jirani yake kimezibwa nyuma. Moshi ukishaingia kwenye kitundu haupati pa kutokea ila kupenya ukuta na kuingia kitundu cha pili. Gesi inapita, masizi yanabaki. Chujio zima linanasa zaidi ya asilimia 99 ya idadi ya chembe. Peugeot 607 ililileta kwenye magari madogo mwaka 2000, na Euro 5 na Euro 6, ngazi za kanuni za Ulaya za moshi wa magari, zikalifanya kuwa lazima kwa vitendo: mwaka 1992 kiwango cha Euro 1 kiliruhusu gramu 0.14 za masizi kwa kilomita, sasa ni gramu 0.0045. Juu yake kuna ukomo wa idadi ya chembe, bilioni 600 kwa kilomita. Inasikika nyingi, lakini bila chujio idadi hiyo inapitwa mbali. Kwenye gari ambalo chujio lake ni zima, pitisha kidole au kitambaa cheupe ndani ya mdomo wa bomba la moshi. Kitatoka na vumbi, hakitatoka cheusi, hata kama gari lina miaka kadhaa barabarani.

Masizi yaliyonaswa lazima yachomwe. Kwenye barabara kuu moshi una joto la kutosha kuyachoma polepole. Mjini haulifikii. Hapo kompyuta inarusha mafuta ya ziada mwishoni mwa mpigo, yaende kuungua kwenye kichocheo na kupandisha joto la chujio hadi nyuzi 600 hivi kwa dakika kumi au ishirini. Dereva akizima gari katikati ya kazi hiyo, siku ya kwanza si neno. Akifanya hivyo kila siku, masizi yanajaa, na yale mafuta ya ziada yanateleza kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye oili. Ukivuta kijiti cha oili ukaona kiwango kimepanda badala ya kushuka, na oili inanuka dizeli, gari linakuambia kwamba safari zako ni fupi mno kwa injini uliyonunua.

Pia kuna majivu. Hayo yanatokana na viungo vya oili ya injini, hayaungui kwa joto lolote la bomba la moshi, na baada ya kilomita nyingi chujio linahitaji kufunguliwa na kuoshwa. Kutumia oili isiyoandikwa kwa ajili ya injini zenye chujio ni kuharakisha siku hiyo. Na dizeli yenye salfa nyingi inaharibu vichocheo vyote vinavyofuata; ndiyo maana Umoja wa Ulaya uliishusha hadi sehemu 10 kwa milioni kuanzia 2009. Gari la Euro 6 likinyweshwa mafuta machafu, herufi na namba kwenye karatasi zake hazina maana tena.

Kwa oksidi za nitrojeni, kifaa cha kwanza ni valvu inayorudisha sehemu ya moshi ndani ya silinda ili kupunguza oksijeni na joto. Inasaidia, lakini inaziba kwa masizi, na mafundi hapa wanazijua zile njia za hewa zilizojaa ugoro mweusi mpaka kidole hakipiti. Cha pili, ndicho chenye nguvu, ni kile kinachotumia kimiminika cha urea: asilimia 32.5 urea, iliyobaki ni maji safi yaliyoondolewa madini. Kinarushwa kwenye moshi wa moto, urea inageuka amonia, amonia inakutana na oksidi juu ya kichocheo, na vinavyotoka ni nitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Kemia nzuri kabisa. Sharti lake ni joto: chini ya nyuzi 200 hivi haifanyi kazi vizuri, kwa hiyo gari baridi linalokwenda kilomita mbili na kuzimwa linatoa oksidi zake zote hewani. Magari mapya zaidi yana vichocheo viwili, kimoja kimebanwa karibu na injini kipate joto mapema, kingine chini ya gari kwa ajili ya mwendo mkali.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Kabla urea haijaenea, vichocheo vilivyosaidia chujio kuchoma masizi vilifanya hivyo kwa kugeuza naitriki oksidi, oksidi nyingine ya nitrojeni, kuwa naitrojeni dioksidi. Kwa hiyo kuna kizazi cha magari kilichopunguza moshi mweusi huku sehemu ya gesi inayowasha mapafu ikipanda. Jicho liliona usafi. Dizeli mbaya kuliko zote inaweza kuwa ile isiyoonekana.

Hapo ndipo tunafika 2015.

Kipimo cha Ulaya cha wakati ule kilifanyika maabara, gari likiwa juu ya magurudumu ya chuma, kwa dakika 20 hivi na kilomita 11, wastani wa mwendo kilomita 34 kwa saa. Mwendo wa kilomita zile ulijulikana mapema, kila mtu akiuandaa kama mtihani uliovuja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia, kwa kazi waliyopewa na Baraza la Kimataifa la Usafiri Safi, ICCT, walichukua magari matatu ya dizeli, wakafunga vipimo nyuma yake, wakaenda nayo barabarani, moja wakaliendesha kutoka Los Angeles hadi Seattle na kurudi. Ripoti yao ya 2014 ilionyesha mawili yanavuka kiwango cha Marekani mara nyingi sana, moja mara 15 hadi 35, la pili mara 5 hadi 20. Tarehe 18 Septemba 2015 Shirika la Marekani la Kulinda Mazingira likaishtaki Volkswagen hadharani: programu ya kompyuta ilikuwa ikiangalia usukani umegeuzwa au la, mwendo, muda ambao injini imekaa ikiwaka na shinikizo la hewa, ikitambua kwamba gari liko kwenye mtihani. Likiwa mtihanini, vifaa vinafanya kazi yote. Likirudi barabarani, vinapumzishwa, na oksidi zinafika hadi mara 40 ya kiwango. Kampuni ikakiri kuwa programu hiyo imo kwenye magari yapatayo milioni 11 duniani.

Wengi wanaikumbuka kashfa. Mimi nawaomba mlikumbuke gari la tatu. Nalo lilikuwa dizeli, lilipita barabara za aina ileile, na kwa sehemu kubwa lilibaki ndani ya kiwango. Kumbe vifaa vilikuwepo na vilikuwa na uwezo. Kilichokosekana kwenye yale mawili ni nia ya kuviacha vifanye kazi, kwa sababu urea inaisha tangi, valvu inaziba, na mteja hapendi kusumbuliwa.

Wala halikuwa la kampuni moja. Oktoba 2014 ICCT ilikuwa imetoa vipimo vya magari 15 ya dizeli ya kisasa. Barabarani yalitoa kwa wastani mara saba ya kiwango cha Euro 6, ambacho ni gramu 0.08 za oksidi kwa kilomita. Wengine walikuwa na ujanja wa kisheria zaidi: programu zinazopunguza kazi ya valvu hali ya hewa ikiwa baridi kidogo au joto kidogo. Julai 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba programu inayofanya kazi kikamilifu kati ya nyuzi 15 na 33 tu, na chini ya mita 1,000 juu ya bahari, ni kifaa cha udanganyifu. Jiulizeni ni siku ngapi za mwaka Ulaya huwa juu ya nyuzi 15.

Tiba ilikuwa kupima barabarani. Tangu Septemba 2017 aina mpya za magari Ulaya zinabeba vipimo nyuma na kuendeshwa kwenye barabara halisi, mwanzoni kwa nafuu ya kuruhusiwa kufika mara 2.1 ya kiwango, baadaye mara 1.43. Na matokeo yalionekana haraka: mengi ya magari ya kizazi hicho yanakaa chini ya kile kiwango cha gramu 0.08 bila kuigusa nafuu waliyopewa. Sheria haikubadilisha kemia, ilibadilisha mahali pa kupimia. Lakini miji haikuweza kusubiri magari ya zamani yafe. Mei 2018 Hamburg ilifunga sehemu za barabara mbili kwa dizeli za zamani, na Aprili 2019 London ikaanza kutoza ada gari la dizeli lisilofika Euro 6, wakati la petroli linatakiwa kufika kiwango cha Euro 4 tu. Tofauti hiyo ina haki yake, ingawa Euro 6 za mwanzo zilizopita bila kupimwa barabarani nazo zimejificha humo.

Sasa tujisemee wenyewe, mafundi. Chujio likiziba, bei ya jipya inamshtua mwenye gari, na kuna anayemnong'oneza: "Tulikate, nikuwekee programu, taa itazima." Wanachofanya ni kukata gamba la chuma upande mmoja, kuvunja seramiki kwa nondo, kuchomelea tena, kisha kuidanganya kompyuta. Kwa nje kila kitu kipo mahali pake. Utazame mstari wa kuchomelea ambao kiwanda hakikuuweka. Hesabu yake ni rahisi: kama chujio linanasa chembe 99 kati ya 100, gari moja lililokatwa linatoa chembe za magari mia moja mazima. Huhitaji magari mengi ya namna hiyo kwenye foleni kuifuta kazi ya wengine wote. Na ukaguzi wa zamani wa kupima weusi wa moshi hauwezi kulikamata, kwa kuwa injini ya kisasa yenye noseli nzuri haitoi moshi mweusi wa kuonekana hata bila chujio.

Ndiyo maana Ubelgiji mwaka 2022, kisha Uholanzi na Ujerumani mwaka 2023, zilianza kuhesabu chembe kwenye ukaguzi wa kawaida. Mkaguzi anaingiza mrija kwenye bomba la moshi, injini ikiwa inanguruma taratibu, na mashine inasoma chembe kwa kila sentimita ya ujazo. Uholanzi iliweka ukomo wa milioni 1, Ujerumani 250,000. Gari zima linasoma chini kabisa ya hapo, lililokatwa linapaa mara moja. Kwa maoni yangu kifaa hicho kina faida kubwa kuliko kanuni nyingine mpya zozote za kiwandani, kwa sababu kinaliuliza gari lenye miaka kumi, siyo lile la kwenye maonyesho.

Mtu ataniuliza, basi ninunue dizeli au nisinunue? Kama unakwenda kilomita nyingi za barabara kuu, gari limepimwa kwa kipimo cha barabarani, mafuta yasiyo na salfa unayapata, na uko tayari kulipia urea, oili sahihi na kuosha chujio, sitakukataza. Kama safari zako ni kwenda dukani na kumrudisha mtoto shule, dizeli haikufai, hata upewe bure. Na ukinunua iliyotumika, nenda na kitambaa cheupe, tochi ya kuangalia mstari wa kuchomelea, na kifaa cha kusoma kompyuta kikuonyeshe mara ya mwisho chujio lilipochomwa masizi ni lini. Muuzaji akikuzuia kimojawapo, jibu umeshapata.

Naona mikono imeshanyooshwa kule nyuma. Karibuni na maswali.